Jina Lulu Latoka Wapi?

Leo tutasoma jina moja tu, lenye herufi nne: Lulu.

Mama mmoja wa hapa Singida alinionyesha kadi ya kliniki ya bintiye. Karani alikuwa ameandika "Ruru". Kadi ilikaa sandukuni miaka sita, maana mama hakujua kusoma. Mtoto alipoanza shule akaitwa Ruru mbele ya wenzake, naye akakataa kuitika. Ndimi za wengi wetu huchanganya l na r, na katika kusema twaelewana. Lakini karatasi haina sikio.

Basi, lulu ni nini? Ni kito, ila hakichimbwi ardhini kama almasi ya Mwadui kule Shinyanga. Wala hutakipata katika Singidani au Kindai, maziwa yetu ya chumvi. Lulu hutoka kwa chaza, mnyama laini wa baharini aishiye kati ya magamba mawili. Kitu kigeni kikiingia mwilini mwake, naye asiweze kukitoa, hukifunika kwa utando ung'aao, uleule uliomo ndani ya magamba yake. Huongeza utando juu ya utando, pengine kwa miaka kadhaa. Wengi husema kitu hicho ni chembe ya mchanga. Mara nyingi ni kijidudu tu.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Watu wa Ghuba walipiga mbizi kutafuta lulu kwa karne nyingi. Mwaka 1893 Mjapani Mikimoto Kokichi alifanikiwa kuzifuga, na katika miaka ya 1930 kazi ya wapiga mbizi ikaanguka. Pwani yetu ililipokea neno hilo, na Kiswahili kikalipandisha bara. Ndiyo maana mtoto azaliwaye kwenye mashamba ya alizeti, mbali na bahari, huitwa jina la bahari.

Nanyi mliowaita binti zenu Margareti, je, mwajua? Jina hilo latokana na neno la Kigiriki lenye maana ileile. Basi Margareti na Lulu ni mtu na somo wake.

Yule mama alijifunza herufi, akarudi ofisini na kadi yake, akaonyesha kwa kidole: l, siyo r. Jina likasahihishwa.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni Lulu mara tano, kisha majina ya watoto wenu wote. Mwalimu atapita kuyatazama.