Jina la ukoo linabebwa na nani?



Juzi nilikuwa Malaba kwa kaka yangu, aliyehama Mombasa zamani kufuata kazi ya kupitisha mizigo forodhani. Nilikuta malori ya Uganda yamepanga foleni na nyumba imenuna. Mwanawe, aliyemaliza kidato cha nne, anataka kuwa fundi wa malori hayo. Baba amekataa katakata: mlango wetu umetoa walimu na makarani, hautatoa mtu wa grisi.

"Ami, kwani nimeiba?" kijana aliniuliza.

Waandishi wetu wa riwaya wamelishughulikia swali hili. Katika Kidagaa Kimemwozea, marehemu Ken Walibora alimpa mtawala jina la Mtemi Nasaba Bora. Jina linang'aa, lakini matendo yameoza: amenyang'anya watu ardhi, na mtoto wake wa nje anatupwa mlangoni pa kijana maskini, Amani. Mwanawe wa ndoa, Madhubuti, anaikataa kazi ya kutafutiwa na baba, anahamia kibandani kwa Amani. Hapo msomaji anajiuliza: ni nani hasa aliyelinda jina?

Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, alitangulia mwaka 1980 kwa Utengano. Maksuudi anamfungia bintiye Maimuna ndani kwa ajili ya heshima, huku yeye mwenyewe nje ana mambo yake. Maimuna anapotoroka, anaangukia mji asioujua, na mji unamla.

Tazameni tofauti. Mvulana akitoka husifiwa kwa msimamo. Msichana akitoka, aibu yote hutundikwa shingoni mwake, kwa sababu hakufundishwa dunia, alifichwa nayo. Ndiyo maana riwaya hizi hazitudanganyi: mzazi hutamka neno "jina", mtoto ndiye hulipa.

Simlaumu kaka bure. Hapa mpakani, mwenye shehena humkabidhi wakala makaratasi yake kwa kuliamini jina. Likichafuka, riziki imekwenda. Lakini jina hilo alilijenga kwa uaminifu, na uaminifu unaweza kuvaa ovaroli.

Nilimwambia hivyo usiku, baada ya Isha. Hakukubali, wala hakukataa. Aliuliza tu karo ya chuo cha ufundi ni kiasi gani.