Mzungu Anayelipa, Mama Aliyebaki Nyumbani

Januari haina huruma Bariadi, mkoani Simiyu. Pamba bado iko shambani, na kwa kawaida msimu wa kuiuza hufunguliwa Mei. Shule hazingoji pamba. Kidato cha kwanza kinaanza Januari hiyohiyo, na fomu ya kujiunga inataka sare, viatu vyeusi, madaftari makubwa, na kama shule ni ya bweni, godoro, tranka, shuka na ndoo. Ada ilifutwa mwaka 2016 mpaka kidato cha nne. Godoro halikufutwa.

Katika pengo hilo ndipo anapoingia mgeni wa kujitolea. Mara nyingi ni binti wa Ulaya au Marekani, hajafika miaka 25, amekuja kwa wiki kadhaa kufundisha Kiingereza au kusaidia kwenye kituo cha watoto. Ametua Mwanza, akakata kona Lamadi, akafika. Moyo wake ni mzuri, hilo silibishi. Lakini Wamarekani wa kwanza wa Peace Corps, shirika la kujitolea la Marekani, waliokuja Tanganyika mwaka 1961 walikuwa wapima ardhi, wajiolojia na wahandisi, watu waliokuja na fani mkononi. Huyu wa leo mara nyingi amekuja na upendo na kadi ya benki, na Jumamosi moja anawakusanya vijana wanne watano awapeleke mjini kununua vitu. Kwa vijana ni sikukuu. Kwa wenye maduka ni sikukuu mara mbili.

Msichana wa miaka 14 akienda kununua viatu na mama yake, kazi huwa hivi: mama anakikunja kiatu kuona kama soli itapasuka, anauliza bei, anaguna, anakirudisha mezani. Anapiga hatua mbili kuelekea mlangoni. "Rudi basi mama, tuelewane," muuzaji anaita. Wanaelewana. Kisha mama anachagua namba mbili zaidi ya mguu wa mwanawe, karatasi zitajazwa kwenye ncha, kiatu kifike kidato cha pili. Akienda na mgeni, bei inatajwa mara moja na inalipwa mara moja. Mgeni amepiga hesabu kwenye simu, ameona kwao hizo ni hela za chakula cha mchana. Kiatu kimekaa vizuri mguuni, kwa sababu kimepimwa kwa mguu wa leo. Kufika Julai kinabana.

Na msichana anajua. Amekulia kwenye minada na magulio, bei za viatu anazo kichwani kuliko nilizo nazo mimi. Anaona dada yake mzungu anavyopigwa bei na ananyamaza, maana Usukumani mtoto hamkosoi mkubwa mbele za watu, sembuse mkubwa anayemlipia. Kwa hiyo safari iliyokusudiwa kumsaidia kijana inamfundisha kukaa kimya pembeni huku mwingine akifanya kazi anayoiweza yeye.

Kuna bidhaa moja inayoeleza mambo yote haya vizuri kuliko kiatu. Taulo za kike. Serikali iliziondolea VAT mwaka 2018, ikairudisha mwaka uliofuata kwa hoja kwamba mlaji hakuona bei ikishuka. Ni hitaji la kila mwezi, na katika safari ya namna hii ndilo linalosahaulika kirahisi, kwa sababu kundi ni la mchanganyiko, muuzaji ni kaka, na hakuna msichana atakayelitamka mbele ya wavulana. Atasema anataka mkoba. Angeulizwa faragha, na mwanamke anayezungumza lugha yake, jibu lingekuwa lingine.

Baada ya maduka, safari huishia kwenye mitumba. Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo. Simiyu, mkoa uliozaliwa 2012 kwa kumegwa Shinyanga na Mwanza, ndio kinara wa pamba nchini. Pamba inachambuliwa kwenye majineri ya hukuhuku, inafungwa marobota, na sehemu kubwa ya nyuzi zake inakwenda nje ya nchi. Marobota mengine yanaingia, ya nguo zilizovaliwa. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuyaondoa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuzitoa kwenye AGOA, mpango wake wa kuziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa kwake bila ushuru, karibu zote zikalegea. Rwanda iliyokaza ikasimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Basi mtoto wa mkulima wa pamba ananunuliwa fulana ya pamba iliyokwisha kuvaliwa Marekani, na pengine anayemlipia ni Mmarekani. Silaumu kijana. Mitumba ni imara, na kijana wa Bariadi anataka kupendeza kama kijana mwingine yeyote. Lakini hatua chache tu kutoka hapo fundi amekaa barazani na cherehani yake, anashona sare. Hela ikipita kwake inalala Bariadi.

Linaloniuma zaidi ni la nyumbani. Katika familia nyingi za wakulima hapa, kununua nguo za watoto ni jambo la msimu: pamba ikilipwa, baba anatoa, mama anakwenda sokoni, mtoto anajua nani kamvisha. Sasa kijana anarudi jioni na mkoba mpya, viatu vipya na fulana, na wadogo zake watatu wanamtazama. Baba hajaulizwa chochote. Akisema lolote ataonekana mkorofi, akinyamaza anakuwa ameambiwa, ndani ya nyumba yake, kwamba hawezi. Mgeni atapanda ndege. Baba atabaki na mtoto ambaye mwaka kesho atauliza mzungu anarudi lini.

Sisemi wageni wafunge pochi. Januari ni ngumu kwelikweli, na kuna watoto wanaochelewa kuripoti shuleni kwa kukosa tranka tu. Nasema utaratibu ugeuzwe. Vituo, shule na makanisa yanayopokea wageni hawa ndiyo yenye kauli. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mzazi au mlezi jukumu la kumvisha mtoto, kwa hiyo mzazi aulizwe kwanza, na kwa mtoto asiye naye, afisa ustawi wa jamii ashirikishwe. Fedha ipitie kwa mama, orodha ya shule iwe mkononi mwake, sare ikashonwe kwa fundi wa mjini. Kijana apewe sehemu ya hela azungumze bei mwenyewe. Mgeni akitaka kuongozana nao aende, abebe ndoo. Msimamizi wa kituo unayesoma haya, panga hivyo kabla ya Jumamosi ijayo.