Injini Inapogonga

Wasomaji wa gazeti letu, hapana shaka wengi wenu mmekwisha kupanda motokaa ambayo injini yake inalia tik, tik, tik kama saa ya ukutani, mkaona jinsi dereva anavyotega sikio na kukunja uso. Nataka kuwaeleza namna sauti hiyo inavyotafutwa hata ijulikane inatoka wapi, maana niliishuhudia kazi hiyo tangu mwanzo mpaka mwisho, nyumbani kwetu Kabonga, katika likizo ya mwaka 2024.

Mjomba wangu ana Hilux kuukuu ya petroli, yenye injini ile ya Toyota iitwayo 22R, ya silinda nne na lita 2.4. Kwa gari hilo huchukua mawese na ndagala kutoka kwetu, akapita Nyanza-Lac mpaka Rumonge, na pengine hufika Bujumbura. Ndilo shamba lake. Siku moja alirudi gari likigonga. Fundi mmoja wa njiani alikuwa amelisikiliza kwa dakika moja, akasema, "Beringi za konirodi zimekwisha. Injini ishushwe, ifunguliwe yote." Gharama aliyoitaja ilikuwa kama karo yangu na ya dada zangu wawili kwa mwaka mzima. Usiku ule mjomba hakula. Nami nilijua, bila kuambiwa, kwamba mmoja wetu au zaidi hatarudi shuleni.

Mama ndiye aliyeshauri aitwe mzee mmoja aliyekuwa fundi wa injini za boti zamani. Akaja asubuhi na mfuko mdogo tu. Mjomba akataka kuwasha gari ili asikie, lakini mzee akamzuia. "Ngoja kwanza. Petroli yenyewe iko wapi?" Na kweli, mwaka ule petroli ilikuwa adimu mno nchini Burundi, watu wakipanga magari foleni siku nyingi. Basi yote yanayoweza kupimwa injini ikiwa imezimwa, aliyapima kwanza.

Alianza na oili. Gari likiwa mahali tambarare, alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa kati ya alama mbili, wala haikunuka petroli. Akanieleza ya kuwa oili husukumwa kutoka chini kwenda juu, na sehemu za juu ya injini ndizo za mwisho kuipata. Kwa hiyo ikipungua, huko juu ndiko huanza kugonga. Injini nyingi zimefunguliwa bure wakati dawa yake ilikuwa lita moja ya oili. Kisha akakaza plagi zote, kwa sababu plagi iliyolegea hupenyeza hewa ikatoa mlio kama ule ule. Akatazama pia pale bomba la moshi linapoungana na injini. Gasketi ikitoboka hapo, moshi hutoka kwa kishindo kidogo kidogo, na masizi meusi huonekana. Hakuona masizi.

Ndipo aliposema, "Washa."

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi lilinipendeza kuliko yote. Katika injini ya namna hii, pistoni huzungusha krankishafti, yaani mhimili mkuu wa chini. Juu kuna mhimili mwingine, kamshafti, ambao kazi yake ni kufungua valvu. Krankishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja tu. Basi injini ikienda polepole, mizunguko 720 kwa dakika, kitu kibovu cha chini kinachogonga kila mzunguko kitagonga mara 12 kwa sekunde, lakini valvu moja itagonga mara 6 tu. Mara 12 sikio huzisikia kama mtetemo. Mara 6 zaweza kutenganishwa. Mzee alifumba macho, akawa anapiga kidole pajani. "Hii ni ya juu," akasema.

Lakini hakuridhika na sikio lake, nami nilimheshimu kwa hilo. Alizima injini, akavua waya wa plagi ya kwanza, akaufunga kwenye chuma cha injini ili umeme wake uende huko usimdhuru mtu, akawasha tena. Hivyo silinda ile haikuwaka. Akafanya vivyo kwa zote nne. Kama beringi ya konirodi imelika, silinda yake isipowaka mzigo hupungua na mgongo hufifia au hubadilika. Mlio wa gasketi ya moshi nao hupungua. Sauti yetu haikubadilika hata kidogo. Mjomba alianza kupumua.

Mwisho alichukua fimbo kavu ya mti, ncha moja akaiweka juu ya injini, nyingine karibu na sikio, akiwa mbali na feni. Alisikiliza pia mbele, kwenye mnyororo unaozungusha kamshafti. Injini za 22R zina sifa mbaya hapo, maana viongozo vya plastiki vya mnyororo huvunjika, mnyororo ukapiga kifuniko chake hata kukila. Mbele palikuwa shwari. Juu ya silinda ya tatu, nilipopewa fimbo, niliusikia mgongo kana kwamba mtu anabisha hodi ndani ya fuvu langu.

Alifungua kifuniko cha valvu injini ingali na moto. Hapo akatoa fila, ambayo ni kama kisu chenye majani mengi membamba ya chuma, kila moja limeandikwa unene wake. Kwa injini hii, nafasi ya valvu ya kuingiza hewa ni milimeta 0.20, na ya kutoa moshi 0.30. Huwezi kupima zote kwa mara moja. Hupimwa nusu, kisha krankishafti huzungushwa mzunguko mmoja kamili, ndipo hupimwa zilizobaki. Valvu ya moshi ya silinda ya tatu ilikuwa imelegea nati, na majani mawili ya 0.30 yaliingia kwa pamoja. Mgongo wetu ulikuwa huo. Bisibisi na spana tu, akairudisha mahali pake.

Mjomba akasema, "Basi, fundi, funga." Mzee akatikisa kichwa, akaendelea kupima. Valvu ya moshi ya silinda ya pili, ambayo haikutoa sauti yo yote, haikupokea jani la 0.30, hata jembamba zaidi. Ilikuwa imebana. Akatueleza kuwa hii ilikuwa mbaya kuliko ile iliyogonga. Chuma kikipata moto hurefuka. Kama hakuna nafasi, valvu haifungi sawasawa. Nayo hupoa kwa kukaa juu ya kiti chake. Isipokaa, moshi wa moto hupenya ubavuni mwake mpaka ikaungua. Mwezi mmoja au miwili zaidi, gari lingesimama njiani bila kugonga hata mara moja.

Tulipowasha tena, ulisalia mlio mdogo tu kama wa cherehani. Mjomba akauliza kama nao hauwezi kuondolewa. "Waweza," mzee akajibu, "ukitaka nizibane zote ziungue."

Hakutaka fedha, alichukua dumu moja la mawese. Kabla ya kuondoka alisema valvu zipimwe tena baada ya miezi sita. Nimekwisha kununua fila yangu sokoni Rumonge, na likizo ijayo kifuniko nitakifungua mimi, yeye akiwa amekaa kwenye kiti.