Kiti hakimwepushi mzee na kuanguka

MZEE anapoanguka katika makao ya kuwatunzia wakongwe, ni rahisi kwa wahudumu kumshauri atulie kitini asije akaanguka tena. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini huzidisha hatari ile ile inayoogopwa.

Mwili husimama wima kwa kutegemea macho, sikio la ndani na habari ambazo nyayo, misuli na viungo huupelekea ubongo. Umri unaposonga, yote hayo hufifia. Zaidi ya hayo, misuli ya mapaja na nyonga isipotumiwa hunyauka upesi, na mguu hukosa nguvu za kupiga hatua ya haraka pindi mtu anapojikwaa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kutokana na kuanguka, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 60.

Hata hivyo, hatari hiyo inaweza kupunguzwa. Utafiti uliofanywa nchini Australia na kuchapishwa mwaka wa 2018 uliwahusisha wazee 221 katika makao 16. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara kwa saa moja, mara mbili kwa wiki, kwa muda wa wiki 25, kisha likaendelea na mazoezi mepesi kwa miezi sita. Visa vya kuanguka katika kundi hilo vilikuwa vichache kwa asilimia 55 kuliko katika kundi lililopata huduma za kawaida pekee.

Mazoezi yafaayo ni ya aina mbili. Kwanza ni ya kuipa miguu nguvu, kama vile kuinuka kitini na kuketi tena bila kujisukuma kwa mikono, au kuinua visigino huku mtu amesimama. Pili ni ya kuujaribu uwezo wa kutoyumba: kusimama miguu ikiwa pamoja, kisha mmoja mbele ya mwingine, halafu kwa mguu mmoja, na kutembea kiubavu. Kurusha mikono mtu akiwa ameketi hakutoshi.

Ugumu sharti uongezwe kidogo kidogo, mzee akiwa karibu na meza au ukuta wa kushika, chini ya uangalizi wa mtu aliyefunzwa. Mwenye kizunguzungu au maradhi ya moyo achunguzwe kwanza na daktari. Ikumbukwe pia kwamba faida hizo hupotea mazoezi yakikatizwa.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo yafaayo kutoka kwa jamaa zao na serikali. Kumsaidia mkongwe asimame kwa miguu yake mwenyewe ni sehemu ya matunzo hayo, na vifaa vya kuanzia ni kiti imara na ukuta tu.