Karurumo: Maji yamefika nyumbani, mto umebaki na nani?

MSAFIRI atokaye mjini Embu na kushika njia ya Meru hupita Runyenjes, kisha huteremka hadi darajani kwa Mto Thuci. Safari nzima ni ya kupanda na kushuka, kwani mito inayotoka Mlima Kenya imeikata nchi hii kuwa migongo na mabonde. Katika sehemu za Kyeni, baina ya mito Ena na Thuci, ndipo ilipo Karurumo.

Ukitaka kujua maisha ya ujirani katika nchi ya namna hii, usiyatafute sokoni peke yake. Shuka bondeni. Nyumba na barabara ziko juu mgongoni, na mashamba hushuka hadi majini. Mpango wa kuunganisha na kupima ardhi, ulioletwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950, uliwapa wengi vipande virefu vyembamba, kichwa juu na miguu mtoni. Kwa hiyo mto ukawa mpaka wa watu wengi, na papo hapo ukawa mali yao wote.

Zamani mto ndio uliokuwa baraza la kina mama. Waliteka maji, wakafua, wakapeana habari za harusi, wagonjwa na watoto wachanga, ndipo wakapanda kilima na mizigo mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso. Mama asipoonekana mtoni siku mbili, jirani alikwenda kumjulia hali. Wanaume walileta ng'ombe kunywa, na mengi yaliyogombaniwa juu yalipatanishwa kule chini. Katika jamii za kandokando ya Mlima Kenya, vijana wa jando nao walipelekwa alfajiri kwenye maji baridi ya mto kabla ya kukabili kisu.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 ulikuja wito wa Harambee. Katika nchi hii ya miteremko wananchi waliona kwamba maji yanaweza kuteremka yenyewe kwa mabomba kutoka juu karibu na msitu. Watu wakachanga fedha, wakagawana mitaro ya kuchimba, kila nyumba na hatua zake. Wazee hawakushangazwa na kazi hiyo, kwani ngwatio, yaani kulimiana kwa zamu, ilikuwa desturi tangu zamani. Maji yakafika uani, na migongo ya kina mama ikapumzika. Hakuna mwenye akili atakayetamani siku za mitungi zirudi.

Lakini kila jema lina gharama yake. Mtu akipata maji kwa kufungua mfereji, hana tena safari ya mtoni, na asipokwenda mtoni haoni linalotendeka huko. Ndipo wengine wakalima hadi ukingoni, na wengine wakapanda mikaratusi, mti unaokua upesi na kuuzika upesi, lakini unaonyonya maji bila huruma. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito. Kanuni za maji za mwaka 2007 nazo zilikwisha kutaka ukingo uachwe bila kulimwa, upana wake ukitegemea ukubwa wa mto, kati ya mita 6 na 30. Kwa mwenye shamba jembamba, mita hizo ni chakula cha watoto. Ndiyo maana amri peke yake haitoshi.

Ugomvi huzidi wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Machi na zile za Oktoba. Aliye juu akifungulia maji yote, aliye chini huona mawe matupu. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilitoa nafasi kwa vyama vya watumiaji maji, ambamo watu wa juu na wa chini huketi pamoja, wakapangiana zamu na kulinda kingo. Mradi wa Mlima Kenya Mashariki, uliosaidiwa na shirika la IFAD tangu mwaka 2004 hadi 2012, uliutia Mto Ena katika mabonde uliyoyahudumia.

Maji haya hayaishii Kyeni. Huingia katika Tana, yakapita Garissa, yakamwagika katika Bahari ya Hindi huko Kipini. Mkulima anayeacha ukingo wake bila kulimwa anamhifadhia Mpokomo ambaye hatamwona maishani.

Ndugu msomaji, wazee wetu walikutana mtoni kwa sababu kiu iliwalazimu. Leo kiu hailazimishi tena, basi sharti tukutane kwa hiari, katika vikao vya chama na siku za kupanda mikuyu na mianzi ukingoni. Kidole kimoja hakivunji chawa, na bomba halina maji ya kwake. Mto ukikauka, mfereji wa uani utabaki chuma kitupu.