Neno la Mwezi: "Nyumbani" kwa Kichina



Herufi za Kichina tunaziona sokoni, kwenye betri, tochi na redio ndogo, lakini wengi wetu tunazipita tu kama michoro. Mwezi huu tujifunze moja, maana inahusu jambo zito kwetu sote: nyumbani.

Neno lenyewe ni jiā, linaandikwa 家. Maana yake ni nyumbani, na pia familia. Litamke kwa mkato mmoja, sauti ikae juu bila kushuka. Ukisema jiǎ, sauti ikienda chini, umesema "bandia". Ukisema jià, sauti ikianguka kutoka juu, hiyo ni "bei". Wanaosema Kirundi au Lingala hawatashangaa, maana hata huko sauti ikibadilika, maana nayo inaweza kubadilika.

Sasa tuitazame. Juu kuna paa, 宀. Chini kuna 豕, yaani nguruwe. Nguruwe chini ya paa! Wengine mtacheka, na ndugu zetu Waislamu watasema huyo hapana. Lakini kwa mkulima wa China nguruwe alikuwa mali, kama mbuzi au ng'ombe kwetu. Mwenye mifugo ametulia, hahamihami. Hayo ndiyo maelezo ya kawaida, ingawa wataalamu wengine wanasema sehemu ya chini iliwekwa kuonyesha matamshi. Herufi yenyewe ni ya zamani sana. Imekutwa kwenye mifupa na magamba ya kobe yaliyotumika kupigia ramli za wafalme, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Chini ya paa hilohilo ukiweka mwanamke, 女, unapata 安, ān, yaani utulivu na amani. Akina mama, mnasemaje hapo?

Watoto waliozaliwa hapa kambini wanatuuliza, "Kwetu ni wapi?" Mara nyingi wazazi tunanyamaza, kwa sababu jibu linauma. Basi jioni moja jaribuni hivi: chora paa chini kwenye udongo, halafu kila mtoto achore chini yake kitu kinachofanya mahali pawe nyumbani. Msimsahihishe. Huyu atachora sufuria, yule atachora nyanya aliyebaki kule. Hapo mazungumzo yameshaanza. Mwelezeni mto wenu, kilima chenu, majina ya mababu. Mtoto asipoyasikia kwetu, atayasikia kwa nani?

Maneno mawili zaidi ya kushika: dàjiā, 大家, ni "nyumba kubwa", na Wachina hulitumia kusema "sisi sote". Huí jiā, 回家, ni kurudi nyumbani.

Kwa wanaotaka kuandika, 家 ina mistari 10. Mitatu ya kwanza ni ya paa. Anzeni na paa.