Je, Wajua? Kuwahi Chuo Kikuu Ukiwa Milanzi

Je, wajua kwamba mwaka 2024 matokeo ya kidato cha sita yalitoka Jumamosi, Julai 13, na Jumatatu iliyofuata dirisha la kwanza la udahili wa shahada likafunguliwa? Likafungwa Agosti 10. Vyuo vingi hutoza shilingi 10,000 ya maombi, kila kimoja na yake. Julai hapa Milanzi, Rukwa, ni mwezi wa mahindi kuingia ghalani na bei kulala chini. Mzazi anayesema "tusubiri bei ipande kwanza" anaweza kushtukia dirisha limekwisha.

Je, wajua kwamba ndani ya dirisha hakuna foleni? Aliyetuma maombi Julai 15 na aliyetuma Agosti 9 wanashindanishwa kwa ufaulu, hakuna anayeangalia nani alitangulia. Tofauti iko kati ya dirisha na dirisha: la pili hugawana nafasi zilizobaki, na kozi zinazogombewa, udaktari kwa mfano, huwa zimeshajaa. Kwa hiyo wiki ya kwanza itumike kusoma mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Kukimbilia steshenari mjini Sumbawanga usiku wa matokeo hakumwongezei mtu hata pointi moja.

Je, wajua kwamba alama D mbili zinatosha kufikia kiwango cha chini cha pointi 4.0? D ni pointi 2. Kufikia kiwango si kuchaguliwa, lakini wapo wanaokata tamaa mapema bila hata kupiga hesabu hiyo.

Je, wajua kwamba maombi ya mkopo yanaweza kutangulia matokeo? Mwaka 2024 Bodi ya Mikopo ilifungua dirisha lake Juni 1. Siku hiyohiyo wahitimu wa kidato cha sita walianza kuripoti Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Rukwa ina kambi mbili zinazowapokea, Luwa na Milundikwa, ila kijana wa Milanzi anaweza kupangiwa hata Tanga. Akiwa kwenye gwaride, nani atamjazia fomu? Baba, dada, au mwenye steshenari.

Na hapo ndipo pa kuangalia. Mwombaji aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu ya siri ili athibitishe chuo kimoja tu, na ujumbe huo huenda kwenye simu au barua pepe iliyoandikwa kwenye maombi. Ikiwa iliyoandikwa ni namba ya mwenye duka, na mwenye duka yuko kwenye mnada wa ng'ombe, siku zinahesabika. Andikeni namba ya mtu wa nyumbani ambaye simu yake haizimi chaji.

Je, wajua kwamba kuna wakati kuwahi kulikatazwa? Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka wahitimu wa kidato cha sita wapite JKT na kazini kwanza, na waajiri wawapendekeze, ndipo waende Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wasichana wakapungua chuoni, na mwaka 1976 wakaondolewa sharti hilo.

Je, wajua kwamba Marekani mwanafunzi huomba kabla hajamaliza sekondari? Wanaowahi hutuma kufikia Novemba 1 kwa vyuo vingi, na kwenye mpango mmoja ukikubaliwa huna ruhusa ya kwenda kwingine. Mwaka 2006 Harvard na Princeton walitangaza kuacha kupokea maombi ya mapema, wakisema yanawabeba wenye nacho, kisha wakayarudisha 2011. Kwa maoni yangu walikuwa sahihi mara ya kwanza.

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina ndaki hapahapa Rukwa? Kabla ya kupiga hesabu ya nauli ya basi na pango la Dar es Salaam, someni kozi zake.

Je, wajua ni wakati gani hasa wa kuanza? Kidato cha sita chenyewe. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na wakala wa usajili, RITA, maana Bodi ya Mikopo hukidai. Namba ya mtihani wa kidato cha nne iwe ileile kwenye maombi ya chuo na ya mkopo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, na lazima achague moja. Jina nalo likaguliwe herufi kwa herufi, cheti kwa cheti. Kama kimoja kimeandika Kristina na kingine Christina, Februari mna muda wa kwenda kwa wakili, Agosti hamna.